Beki Aliyezaliwa Kambini: Lukole na Historia ya Uraia Wetu

Mwezi Januari 2025 Idara ya Uhamiaji ilithibitisha kwamba wachezaji watatu wa klabu ya Singida Black Stars, Emmanuel Keyekeh wa Ghana, Josephat Bada wa Ivory Coast na Mohamed Damaro Camara wa Guinea, wamepewa uraia wa Tanzania kwa tajnisi. Kwa siku kadhaa nchi nzima iligeuka baraza la wanasheria. Vijiweni, redioni na hata katika vyumba vya walimu, watu ambao hawakuwahi kuifungua Sheria ya Uraia walihesabu miaka ya ukaazi inayotakiwa na kubishana juu ya nani anastahili na nani hastahili. Mimi sina ugomvi na vijana hao watatu. Waliomba kwa njia iliyokuwepo, wakapewa na mwenye mamlaka ya kutoa.

Hata hivyo, nilipousikiliza mjadala ule niliona kwamba tumeingia kwenye hadithi katika sura yake ya mwisho. Tuliuliza kama mcheza mpira aliyetoka mbali anaweza kuwa Mtanzania, kana kwamba swali hilo limeletwa na dirisha la usajili. Kwa yeyote anayeijua Kagera, swali la nani ni wetu kati ya wanaozaliwa na kuishi juu ya ardhi hii ni kongwe kuliko klabu ya Singida, na kwa zaidi ya miaka kumi lilikuwa na jina la mahali. Mahali hapo ni Lukole.

Napenda leo kulifuata swali hilo kwa njia ambayo wanahistoria hawaitumii sana, yaani kwa kumfuata beki. Nimemchagua beki kwa makusudi. Mshambuliaji anaweza kutembea uwanjani dakika themanini na tisa, akafunga goli moja, akabebwa mabegani. Beki hana bahati hiyo. Kazi yake ni kuzuia jambo lisitokee, na jambo lisipotokea hakuna anayelikumbuka. Hujengwa polepole, kwa kurudiarudia, kwa kujua pa kusimama, kwa kuwazoea wenzake mpaka safu nzima ipande na kushuka kama mtu mmoja. Ndiyo maana maisha ya beki wa kulipwa ni kipimo kizuri cha mambo ambayo jamii imempa kijana kwa muda mrefu: makazi yasiyohamishwahamishwa, mwalimu yuleyule kwa misimu kadhaa, klabu inayomwandikisha kwa jina lake, na karatasi zinazomruhusu kuvuka mpaka siku anapoitwa. Hayo ndiyo mambo ambayo kambi ya wakimbizi, kwa jinsi ilivyopangwa, haiwezi kuyatoa.

Lukole ilikuwa nini

Ngara ni wilaya ya mpakani, yenye Burundi upande mmoja na Rwanda upande mwingine. Wenyeji wake wakubwa ni Wahangaza na Washubi. Kihangaza na Kirundi ni lugha za karibu mno, kiasi kwamba mzee wa Ngara na mzee wa Muyinga huweza kuzungumza bila mkalimani. Mpaka ulichorwa na wakoloni, Wajerumani kwanza na kisha Waingereza na Wabelgiji, na ukapita katikati ya watu waliokuwa wakioana, wakiuziana ng'ombe na kuzikana.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa na wanajeshi, na nchi yake ikaingia katika vita vilivyodumu zaidi ya miaka kumi. Warundi wakaanza kuvuka kuja Kagera na Kigoma. Kabla hatujapumua ikaja Rwanda. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa siku moja, watu wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo juu ya mto Kagera. Waliwekwa Benaco, mahali palipobakiza jina la kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara. Wilaya ambayo wakazi wake wote hawakufika laki mbili katika sensa ya 1988 ilijikuta, kwa usiku mmoja, ikiwa na wageni wengi kuliko wenyeji.

Serikali ilichoka mapema. Mwishoni mwa Machi 1995 mpaka wetu na Burundi ulifungwa. Desemba 1996 Wanyarwanda waliamriwa warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, na makambi yao yakavunjwa. Warundi walibaki, kwa kuwa vita vyao havikuwa vimekwisha. Lukole, iliyogawanywa Lukole A na Lukole B, ikawa kambi kubwa ya Ngara, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa na watu wapatao laki moja. Fikiria idadi hiyo, msomaji. Ilikuwa na masoko, makanisa, vinyozi, shule na vilabu vya pombe. Kwa kila kipimo cha kawaida ulikuwa mji. Ilikosa kitu kimoja tu ambacho hufanya mji uwe mji, nacho ni haki ya mkazi wake kuondoka asubuhi na kurudi jioni bila kuulizwa.

Kanuni ilikuwa kwamba mkimbizi asizidi kilometa nne kutoka kambini bila kibali. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 iliupa utaratibu huo wa kuwekwa mahali maalumu uzito wa kisheria. Chakula kilikuja kwa mgao: mahindi, maharage, mafuta na chumvi. Elimu ilifuata mtaala wa Burundi, kwa Kirundi na Kifaransa, ili watoto wasipate taabu watakaporudi. Mantiki yake inaeleweka. Lakini iliwaandaa watoto kwa nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona, na ikawafunga nje ya nchi waliyokuwa wakiiona kila walipofumbua macho.

Mwanaanthropolojia wa Denmark, Simon Turner, aliishi na kufanya utafiti Lukole mwaka 1997 na 1998, na kitabu chake juu ya kambi hiyo kilitoka mwaka 2010. Anaeleza jambo ambalo wasimamizi wengi wa misaada hawakuliona. Kambi ilipomlisha kila mtu sawasawa, ilivunja ngazi zilizokuwa zikimpandisha mvulana hadi kuwa mwanamume. Hakuna shamba la kurithi, hakuna ng'ombe wa kulipia mahari, hakuna kazi ya kumlisha mke, kwa sababu mke analishwa na Umoja wa Mataifa. Vijana wa kiume walitafuta heshima pengine: katika biashara ndogondogo, katika kazi za mashirika, na katika siasa za siri za vyama vya Burundi, Palipehutu na CNDD, vilivyogombania nafsi za watu wa kambi ile.

Kwa vijana wa hali hiyo, kandanda halikuwa mchezo wa kupotezea muda. Mahali popote penye vijana elfu kadhaa na ardhi tambarare pana mpira, hata kama mpira wenyewe ni mifuko iliyofungwa kwa kamba. Uwanjani kuna ngazi inayopandwa kwa juhudi, kuna jina linalotajwa na umati, kuna nafasi ambayo mtu huipata kwa sababu anaiweza. Lakini ngazi hiyo ilikuwa na mwisho, na mwisho wake ulipimwa kwa kilometa. Timu inayocheza na timu zilezile, ndani ya eneo lilelile, haikui. Beki hujifunza anapokutana na mshambuliaji ambaye hajawahi kumwona, mwenye mbio ambazo hajazizoea. Kijana wa Lukole aliyetaka kufanya majaribio katika klabu ya Bukoba, kilipo kiwanja cha Kaitaba, alihitaji kibali kabla ya kuhitaji viatu.

Njia ya beki, karatasi kwa karatasi

Ili tuone ni nini hasa kilichokosekana Lukole, hatuna budi kumtazama mtoto wa wakimbizi wa ukanda huu ambaye alikipata. Thomas Deng alizaliwa Nairobi mwezi Machi 1997, wakati Lukole ikiwa imejaa. Wazazi wake walikuwa wamekimbia vita vya Sudan ya Kusini. Kenya haimpi mtoto uraia kwa sababu tu amezaliwa Kenya, hivyo alizaliwa Nairobi bila kuwa Mkenya, kama vile watoto wa Lukole walivyozaliwa Ngara bila kuhesabiwa Watanzania. Tofauti ilianza mwaka 2003, familia yake ilipopokelewa Australia. Alikuwa na umri wa miaka sita.

Mjini Adelaide alianza kucheza katika timu za watoto, na huko akawa rafiki wa Awer Mabil, winga aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Turkana. Deng alipanda daraja kwa daraja mpaka Melbourne Victory, akaanza kuichezea timu ya wakubwa akiwa bado kijana mdogo. Msimu wa 2016/17 alipelekwa kwa mkopo Uholanzi, katika kikosi cha vijana cha PSV. Alirudi, akawa sehemu ya Victory iliyotwaa ubingwa wa Australia mwaka 2018. Tarehe 15 Oktoba 2018 yeye na Mabil waliichezea timu ya taifa ya Australia kwa mara ya kwanza usiku mmoja, dhidi ya Kuwait, katika mchezo ulioisha 4-0. Mwaka 2020 alihamia Japani, Urawa Red Diamonds, na baadaye Albirex Niigata. Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo alikuwa nahodha wa kikosi cha Australia kilichoifunga Argentina 2-0. Mwaka 2022 alikuwamo katika kikosi kilichokwenda Kombe la Dunia nchini Qatar.

Nimeyaeleza haya kwa mfuatano kwa sababu kila hatua ina karatasi nyuma yake. Mtoto wa miaka sita huandikishwa shule kwa cheti. Klabu ya watoto humsajili kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Mkopo wa kwenda Uholanzi unahitaji pasipoti na kibali cha uhamisho wa kimataifa. Uhamisho wa kwenda Japani unahitaji viza ya kazi. Jezi ya taifa inahitaji uraia. Kipaji chake hakikupungua wala kuongezeka ndege ilipovuka Bahari ya Hindi. Kilichobadilika ni kwamba kila alipofika kwenye mlango, alikuwa na karatasi ya kuufungulia.

Mfano wa pili unatoka nje ya ukanda wetu, lakini naomba msomaji aniruhusu kuutaja kwa kuwa ni wa beki na ni wa kambi. Alphonse Davies alizaliwa mwezi Novemba 2000 katika kambi ya Buduburam, Ghana, kwa wazazi waliokimbia vita vya Liberia. Alipokuwa na miaka mitano familia yake ilihamishiwa Kanada, ikakaa Edmonton. Aliibukia Vancouver Whitecaps. Juni 2017 alipata uraia wa Kanada, na mwezi huohuo akaichezea timu ya taifa ya nchi hiyo. Mwanzoni mwa 2019 alijiunga na Bayern Munich. Huko walimgeuza kutoka winga kuwa beki wa kushoto, na Agosti 2020 akatwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya. Katika Kombe la Dunia la 2022 alifunga goli la kwanza la wanaume wa Kanada katika historia ya mashindano hayo, dhidi ya Croatia.

Na wapo waliozaliwa hapa kwetu kabisa. Nestory Irankunda, ambaye si beki bali ni winga, alizaliwa Kigoma mwaka 2006 kwa wazazi wa Kirundi waliokimbia vita. Alipelekwa Australia akiwa mtoto mchanga, akakulia Adelaide, akasajiliwa na Bayern Munich mwaka 2024, na mwaka huohuo akaanza kuichezea Australia. Alipoanza kuvuma, watu wetu walifurahi na kusema, "huyu ni wa kwetu, kazaliwa Kigoma." Nilisoma maneno hayo kwa huzuni kidogo. Angebaki Kigoma, tungemwita nani?

Agosti na Septemba 2013

Jibu la swali hilo lipo katika historia ya karibuni, na miezi miwili ya mwaka 2013 inalitoa vizuri kuliko nadharia yoyote.

Agosti mwaka huo Simba ya Dar es Salaam ilisajili Warundi wawili kutoka Vital'O ya Bujumbura, klabu iliyokuwa imetoka kutwaa Kombe la Kagame nchini Sudan. Mmoja alikuwa mshambuliaji Amissi Tambwe. Wa pili alikuwa beki, Gilbert Kaze. Walipokelewa kwa shangwe, magazeti ya michezo yakaandika majina yao kwa herufi kubwa, na msimu ulipokwisha Tambwe alikuwa mfungaji bora wa ligi. Hakuna aliyeuliza kabila lao. Hakuna aliyesema wanafanana mno na Wahangaza kiasi kwamba ni hatari. Walikuwa na mikataba na vibali vya kazi, na hiyo ilitosha.

Mwishoni mwa Julai mwaka huohuo, akiwa ziarani mkoani Kagera, Rais Jakaya Kikwete alikuwa amewapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Maelfu waliondoshwa. Wamo waliokuwa majambazi na wavamizi wa mapori, na dola ina wajibu wa kuwakabili watu wa namna hiyo. Lakini ripoti za mashirika ya haki za binadamu zilizofuata zilieleza pia watu walioishi nchini kwa miongo, walioolewa na Watanzania na kuzaa na Watanzania, wakitenganishwa na familia zao kwa kuwa hawakuwa na karatasi ya kuonyesha, au kwa kuwa lafudhi yao ilitiliwa shaka.

Weka mambo hayo mawili pamoja. Katika muda huohuo, chini ya Serikali ileile, Mrundi anayejua kucheza beki alikaribishwa jijini, na mtu aliyezaliwa au kuzeeka Kagera akafukuzwa kama mgeni. Sikusudii kumlaumu Kaze wala Tambwe, walioifanya kazi yao kwa heshima. Ninachokionyesha ni kwamba tulikuwa na milango miwili. Wa kwanza ulifunguliwa kwa kipaji na mkataba. Wa pili, ambao ungepaswa kufunguliwa kwa kuzaliwa na kuishi, haukuwa na mtu wa kuufungua.

Sheria inavyosema na tunavyoifanya

Wanafunzi wangu hushangaa ninapowapa kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia ya 1995 wakisome wenyewe. Kwa usomaji wa kawaida wa maneno yake, mtu aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano baada ya siku ya Muungano huhesabiwa raia tangu kuzaliwa. Yametajwa makundi machache yasiyohusika, hasa watoto wa wanadiplomasia na watoto wa adui wanaozaliwa katika eneo lililokaliwa na adui. Mtoto wa mkimbizi hakutajwa. Hata hivyo, utekelezaji umekuwa tofauti kwa muda wote. Watoto waliozaliwa Lukole walihesabiwa Warundi, wakapewa namba za mgao pamoja na wazazi wao, na hakuna aliyewaambia kwamba maandishi ya sheria yangeweza kusomwa kwa namna nyingine.

Zingatia kwamba hatukuwa hivi siku zote. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakalima, wakajilisha na kulisha wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakimbizi wengi wa Rwanda wa kizazi cha kwanza walifunguliwa mlango wa uraia. Mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alipewa Medali ya Nansen kwa ukarimu wa nchi yetu kwa wakimbizi. Na mwaka 2007 Serikali ilifanya jambo ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya: iliwapa Warundi wa 1972 nafasi ya kuchagua kati ya kurudi kwao na kuwa raia. Takriban 162,000 walikubaliwa uraia, ingawa wengi walingoja vyeti vyao hadi 2014. Huko Chogo, Handeni, Wazigua waliokimbia Somalia nao walipewa uraia wa nchi ambayo babu zao walichukuliwa watumwa kutoka kwake.

Lakini mlango wa 2007 haukuwahusu watu wa Lukole. Wao walikuwa wakimbizi wa miaka ya 1990, na sera ilikuwa imekwisha kubadilika. Sehemu ndogo yao, wale ambao familia zao zilikuwa zimekimbia kwa mara ya kwanza mwaka 1972 na kukimbia tena baadaye, walichukuliwa Marekani katika mpango uliohamisha maelfu ya Warundi kutoka makambi yetu. Wengi walirudishwa Burundi. Mwaka 2008 Lukole ilifungwa, na waliosalia wakahamishiwa Mtabila, Kigoma, ambayo nayo ilifungwa mwishoni mwa 2012. Mtoto aliyezaliwa Lukole mwaka 1996 alikuwa na miaka kumi na miwili kambi ilipovunjwa. Huo ndio umri ambao makocha hupenda kumpata beki, mwili ukiwa bado unafundishika na akili imeanza kuusoma mchezo. Yeye alikuwa akipandishwa lori.

Hoja ambazo hazipaswi kudharauliwa

Najua yatakayosemwa dhidi yangu, na mengi yana ukweli. Watu wa Ngara walibeba mzigo ambao Dar es Salaam haikuujua. Misitu ilikatwa kwa kuni mpaka vilima vikabaki uchi. Ujambazi wa kutumia silaha uliongezeka. Vikundi vya waasi viliandikisha vijana katika makambi, na Burundi ililalamika kwamba tunawafuga maadui zake. Nchi maskini haiwezi kugeuza kila dharura kuwa uraia. Na mzazi wa Kihangaza, ambaye mwanawe alisoma chini ya mti huku mashirika yakijenga madarasa kambini, alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini.

Hoja hizo nazikubali. Lakini zote ni hoja juu ya wazazi waliovuka, juu ya silaha, juu ya kuni na bajeti. Hakuna hata moja inayomhusu mtoto aliyezaliwa Ngara na ambaye hakuvuka mpaka wowote. Dola inaweza kumzuia mtu asiingie. Inapomhesabu kuwa ni mwingiaji mtu ambaye hakuingia, inahitaji sababu nyingine, na sababu hiyo sijawahi kuisikia ikitolewa kwa sauti.

Ipo pia hoja ya upande wa pili, inayotolewa na marafiki wa wakimbizi, na hiyo ndiyo ninayoihofia zaidi. Wao husema: tazameni tulichopoteza, huenda kulikuwa na Davies katika vumbi la Lukole, huenda beki wa Taifa Stars wa miaka kumi alirudishwa na lori. Kauli hiyo inavutia, na nakiri kwamba makala hii ingeweza kuishia hapo na kupigiwa makofi. Ila ina sumu ndani yake. Inamfanya mtoto wa mkimbizi astahili haki kwa sababu huenda akawa na kipaji. Basi vipi kuhusu yule asiye nacho? Katika kila kizazi cha wavulana wanaocheza mpira, anayefika Ulaya ni mmoja, na wanaobaki ni maelfu ya mabeki wa kawaida watakaokuwa mafundi baiskeli, walimu wa shule za msingi na wauza ndizi. Uraia ukiwa zawadi ya kipaji, wao wote wamekwisha kuhukumiwa kabla ya mchezo kuanza.

Uhalali wa alichotendewa Deng mwaka 2003 hautokani na yale aliyoyafanya mwaka 2018. Alipopokelewa alikuwa mtoto wa miaka sita asiyeweza kumuahidi mtu chochote, na angalipaswa kupokelewa hivyohivyo hata kama angekuja kuwa karani asiyejulikana nje ya mtaa wake. Tukilisahau hilo tutaishia kuwa na taifa linalotoa uraia kama klabu inavyosajili: anayefaa msimu huu anaingia, na asiyefaa anaachwa.

Tufanye nini

Leo barabara ya kutoka Lusahunga kwenda Rusumo imejaa malori ya mizigo ya Rwanda, na Benaco ni kituo cha madereva kula na kulala. Nimepita huko mara kadhaa. Msafiri asiyejua hawezi kutambua kwamba palikuwa na miji ya mahema. Kumbukumbu za kambi zipo, lakini ni za aina moja: idadi ya watu, tani za mahindi, safari za malori. Kazi ya kwanza, basi, ni ya sisi wanahistoria. Wazee wa Ngara waliocheza mpira na vijana wa kambi wangali hai, na waliokuwa watoto Lukole wametawanyika kutoka Muyinga hadi miji ya Marekani. Masimulizi yao yakusanywe kabla hayajapotea.

Kazi ya pili ni ya Serikali, na ninaiona katika mambo matatu. Kwanza, kila mtoto anayezaliwa katika ardhi hii apewe cheti cha kuzaliwa, awe wa kambini au wa Masaki, kwa sababu cheti hakimpi mtu uraia ila humpa ushahidi kwamba yupo na kwamba amezaliwa mahali fulani. Pili, kifungu cha 5 kipewe tafsiri iliyo wazi, na Mahakama au na Bunge, ili kisiendelee kusema jambo moja katika kitabu na lingine katika dawati la ofisa. Kama taifa linataka kuzaliwa pekee kusitoshe, liseme hivyo hadharani na libebe dhamana ya kusema hivyo. Tatu, uwepo utaratibu wa haki kwa waliozaliwa na kukulia hapa, wenye vigezo vinavyojulikana, usiomtegemea mtu mwenye klabu tajiri ya kumwombea.

Tangu mwaka 2015 Kigoma ilipokea tena Warundi kwa malaki, katika makambi ya Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, na watoto wamezaliwa humo kwa maelfu. Tulilofanya Lukole tunaweza kulirudia tukiwa macho. Wachezaji watatu wa Singida walijibiwa maombi yao, na ni haki yao. Mtoto aliyezaliwa Ngara mwaka 1996 sasa ana takriban miaka thelathini, umri ambao beki huwa amekomaa na ameanza kuuhesabu mwisho wa kazi yake. Yeye hajawahi hata kusikilizwa.